Chura wa Kufugwa na Haki ya Mnyama Asiye na Faida

Chura anayeishi majini na nchi kavu ametajwa katika fikihi ya Kiislamu kwa hali yake hiyohiyo ya kuwa wa pande mbili. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika Minhaj al-Talibin kwamba kiumbe kinachoishi bara na majini, mfano wa chura, kaa na nyoka, ni haramu kuliwa. Kitabu hicho ni nguzo ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu walio wengi katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani mpaka Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma. Karne nyingi kabla ya Nawawi, Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, alikwisha kuipokea habari ya tabibu aliyemuuliza Mtume juu ya kumtia chura katika dawa, na Mtume akakataza kumuua. Hukumu mbili hizo zikiunganishwa, chura hubaki mnyama asiyeliwa, asiyeuawa wala kufanywa dawa. Tena hakamuliwi, habebi mzigo, halindi nyumba, wala ngozi yake haiwambwi ngoma. Wamaliki wameruhusu kuliwa kwa chura wa majini, lakini rai yao haina wafuasi wengi katika pwani hii.

Anayemfuga chura nyumbani, basi, anafuga kiumbe kisichomlipa. Mnyama kama huyo anamdai nini aliyemfuga? Kwa mbuzi au ng'ombe jibu hufunikwa na masilahi. Mfugaji anayemkatia mbuzi majani mabichi kila jioni huenda anamhurumia, huenda anayahurumia maziwa, na hata yeye mwenyewe asijue ni lipi. Kwa paka kuna panya, kwa mbwa kuna wezi, kwa njiwa kuna mchuzi. Hata samaki wadogo waliowekwa katika mabirika ya nyumba za kale za mawe kule Lamu walikuwa na kazi yao, kula viluwiluwi vya mbu. Kwa chura aliyewekwa ndani ya tangi hakuna kisingizio cha namna hiyo. Kikiondolewa kila kinachomfaa mwanadamu, kinachobaki mezani ni haki ya mnyama peke yake, na ndiyo maana kiumbe huyu anayedharauliwa anafaa kuwa kipimo cha fikra nzima kuhusu haki za wanyama.

Vyura wenyewe si haba katika pwani hii. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kuisha mwezi wa Aprili au Mei, na baada ya hapo miezi ya kusi ni mikavu. Mvua zinapofika, majaruba ya mpunga katika bonde la Ruvuma, mabwawa ya Kitere na madimbwi ya barabarani hujaa sauti. Miongoni mwa wanaopatikana katika ukanda huu ni chura mwenye makucha, Xenopus muelleri, asiye na ulimi, ambaye maisha yake karibu yote ni ya majini. Yupo chura mwenye mdomo mweupe na mgongo wa rangi ya dhahabu iliyofifia, Amnirana galamensis, ambaye hukaa ukingoni na kurukia maji akishtuliwa. Wapo na vyura wa pua kali wa jenasi ya Ptychadena, wanaoruka mbali kati ya mashina ya mpunga. Yupo pia chura mkubwa mnene, Pyxicephalus edulis, anayejifukia ardhini miezi yote ya kiangazi na kutoka mvua kubwa zinaponyesha. Wa ukingoni ndiye anayehusika zaidi na mada hii, kwa sababu ndiye anayetaka vyote viwili kwa wakati mmoja. Mtu humpa samaki maji na kuku nchi kavu, lakini huyu akinyimwa upande mmoja amenyimwa nusu ya uhai wake.

Je, inafaa kumfunga? Wanazuoni wanaojibu ndiyo hutegemea kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa na kindege akichezea, na Mtume akawa anamtania kwa upole kuhusu kindege hicho badala ya kumkataza. Ibn al-Qass, faqihi wa Kishafii wa karne ya 10, aliandika risala nzima juu ya kisa hicho kifupi na kutoa ndani yake faida 60. Ruhusa ya kumweka mnyama mdogo nyumbani, kwa hiyo, haina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye masharti, na masharti yanatokana na kisa cha upande wa pili, cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Mwanamke yule alimfungia paka mpaka akafa. Kosa lake limetajwa kwa sehemu mbili: hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu na vijinyama vya ardhini. Sehemu ya pili ndiyo nzito zaidi, ingawa mawaidha mengi huipita mbio. Inaonyesha kwamba paka alikuwa na riziki yake nje ya mlango, na mlango ndio uliomkatia. Anayefunga mlango amejitwika kazi iliyokuwa ikifanywa na shamba, mvua, giza na wadudu, na kazi hiyo haigawanyiki kwamba atimize robo kisha adai shukrani.

Aliyelieleza jambo hili kwa mpangilio zaidi ni Izz al-Din ibn Abd al-Salam, Mshafii mwingine, aliyefariki mwaka 1262, maarufu kwa lakabu ya Sultani wa Wanazuoni. Katika kitabu chake cha kanuni za sheria aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwanadamu. Mnyama agharimiwe hata akizeeka au akiugua ugonjwa usiotarajiwa kupona, na hata asipokuwa na manufaa tena. Asitwishwe asichoweza. Asiwekwe pamoja na anayemdhuru, awe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine. Apewe mahali pazuri pa kupumzikia, na asichinjiwe watoto mbele ya macho yake. Kipengele cha kwanza kinamhusu chura moja kwa moja. Ibn Abd al-Salam alikuwa akimfikiria mnyama aliyewahi kufaa kisha akachakaa. Chura hakuwahi kufaa tangu mwanzo, lakini hoja inamfikia vilevile, kwa kuwa gharama haikufungwa kwenye manufaa. Na sharti la kutochanganywa na anayemdhuru si nadharia tupu kwa vyura: mkubwa humla mdogo bila kusita, na Pyxicephalus akiwekwa tangi moja na chura wa mpunga, asubuhi huwa amebaki mmoja.

Haki ya chura, ikitafsiriwa kwa vitendo, inaanzia kwenye ngozi. Chura hanywi kwa kinywa. Maji humwingia kupitia ngozi, hasa ya tumboni na mapajani, na sehemu ya pumzi yake hupitia hukohuko. Chochote kilichomo ndani ya maji au kilichopakwa mkononi kinaweza kumwingia mwilini. Klorini ya maji ya bomba, sabuni iliyobaki kwenye beseni, mafuta ya kujipaka, manukato, dawa ya mbu ya kupuliza: vyote ni sumu kwake, na chumba kinachopuliziwa dawa kila magharibi hakifai kumweka. Maji ya bomba yawekwe kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima kabla ya kutumiwa. Dawa nyingine za kutibu maji haziondoki kwa kusubiri tu, na hapo maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni bora zaidi. Visima vya karibu na ufuko vina hatari nyingine. Vingi huwa na chumvi, na chumvi ambayo mtu ameizoea katika chai yake inaweza kumkausha chura kupitia ngozi ileile inayomnywesha. Ndiyo sababu kwenye mdomo wa Ruvuma vyura hawakai kwenye mikoko yenye maji ya bahari bali nyuma yake, kule maji yasikokuwa na chumvi.

Maji yanazua swali ambalo mji wenye bomba haulioni. Uwanda wa juu wa Makonde, nyuma ya pwani, una udongo unaopitisha mvua chini kabisa, na tangu zamani wanawake wa Newala na vijiji vya jirani wameteremka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Ndoo ya maji mahali kama hapo ina bei na ina jasho. Je, ni haki kuyamimina kwenye tangi la chura? Fikihi ya Kishafii ina jibu ambalo huwashangaza wengi. Katika mlango wa tayamamu imesemwa kwamba maji yakihitajiwa na mnyama mwenye heshima ya kisheria aliyeshikwa na kiu, mwenye maji huyaacha kwa ajili yake na kutayamamu kwa udongo. Heshima hiyo ina maana ya mnyama ambaye kumuua hakukuruhusiwa, na chura, aliyekatazwa kuuawa kwa jina lake, anaingia bila shida. Udhu, ambao ni ufunguo wa sala, unasogea pembeni kwa ajili ya kiu ya chura. Hata hivyo hoja hiyo inakata pande zote mbili. Maji yakiwa na thamani kubwa kiasi hicho, aliyemtoa chura bwawani, alikokuwa akinywa bure, na kumleta kwenye nyumba yenye ndoo mbili kwa siku, ameitengeneza kiu hiyo kwa mkono wake. Sheria inamlazimisha kumnywesha; haijamsifu kwa kumleta.

Kuhusu tohara, chura aliye hai hana tatizo. Kwa Mashafii mnyama yeyote aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe, basi chura akirukia pipa la udhu na kutoka salama, maji yako vilevile. Akifia humo, na maji yakiwa chini ya qulla mbili, kipimo kinachokaribia lita 200, maji yamenajisika. Kwa mfugaji hilo ni sababu ya kutosha ya kufunika tangi. Chandarua kikuukuu kisicho na dawa, kilichokazwa kwa mpira juu ya tangi la kioo au beseni pana kinatosha, kwa kuwa kinapitisha hewa na hakimchubui pua anaporuka. Matundu ya waya huchubua.

Ndani ya tangi nusu iwe maji na nusu iwe ufuko. Maji ya chura wa ukingoni yasiwe marefu kuliko anavyoweza kusimama na kutoa pua nje, na pawe na mteremko au jiwe laini la kupandia, maana hata chura huzama akikosa pa kutokea. Ufuko hutengenezwa kwa makumbi ya nazi yaliyosafishwa na kulowekwa mpaka chumvi iishe, na kifuu kilichokatwa mlango ni nyumba kamili. Mawe ya matumbawe, ambayo pwani hii inayo kwa wingi, yaepukwe kwa ukali wa kingo zake na kwa chokaa inayoyeyukia majini. Tangi likae kivulini. Vyura wa hapa wamezoea joto la Mtwara na hawahitaji taa ya kupasha wala mashine, lakini kioo kilichopigwa na jua la saa saba mchana huwa sufuria. Maji yabadilishwe mara tu yanapoanza kutoa harufu, na ni bora zaidi kutosubiri harufu hiyo, kwani amonia ya kinyesi humchoma chura kabla pua ya mtu haijaisikia.

Chakula kinaleta tatizo gumu kuliko maji. Chura wa ukingoni hula kinachotembea. Mdudu aliyekufa, kwake, ni kama jiwe. Mfugaji hana budi kumletea viumbe hai: panzi, nyenje, nyungunyungu, mende wadogo wasiopuliziwa dawa, na kumbikumbi siku za mvua za kwanza. Kila mmoja asizidi upana wa kichwa cha chura. Mkubwa hushiba kwa mlo wa kila siku mbili au tatu. Mdogo anataka kila siku. Sasa anayefuga kwa huruma amejikuta akikamata na kuua kila wiki kwa ajili ya huruma hiyohiyo. Wanafalsafa wa Basra waliojiita Ikhwan al-Safa, katika karne ya 10, waliandika kisa kirefu cha wanyama waliowashtaki wanadamu mbele ya jini mfalme. Kila kundi la wanyama lilimtuma msemaji wake. Wanyama wa majini walimchagua chura, kwa kuwa aliweza kuogelea na pia kutembea nchi kavu hadi barazani. Wadudu watambaao walimtuma nyenje. Waandishi hawakusema wasemaji wawili hao walisafirije pamoja, wakati mmoja ni chakula cha mwenzake.

Jibu la kale ni kwamba kulana kwa wanyama kumo katika maumbile waliyoumbiwa, wala si dhuluma, kwani dhuluma inamhitaji mwenye akili na taklifu, yaani wajibu wa kisheria. Jibu hilo ni sahihi bwawani. Tangini halitoshi, maana huko aliyemleta nyenje mbele ya chura ni mtu, na mtu ana taklifu. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba anawajibika kwa namna, si kwa tendo lenyewe: asimkate panzi miguu ili asiruke, asimpe chura wadudu kumi wakateseka usiku kucha ndani ya tangi ilhali wawili wangetosha, asigeuze kulisha kuwa tamasha la watoto. Sisimizi waachwe kabisa. Hadithi imewataja kwa jina miongoni mwa wasiouawa, pamoja na nyuki, na isitoshe asidi yao humuudhi chura. Kumbikumbi ni wa ukoo wa mchwa, si sisimizi, na makatazo hayo hayawagusi.

Kisha kuna upendo. Wengi hufuga ili wapende na wapendwe, na chura hapo hana la kurudisha. Hamtambui mwenye nyumba kwa furaha, haji akiitwa, na mkono wa mtu, kwa chumvi na joto lake, ni adha juu ya ngozi yake. Kumshika kuwe kwa lazima tu, kwa mikono iliyooshwa na kusuuzwa vizuri na ikiwa imelowa, na baada ya hapo ioshwe kwa sabuni kwa ajili ya mtu, kwani vyura huweza kubeba salmonela, na watoto walio chini ya miaka 5 huathirika zaidi. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, alifundisha kwamba mtu hana wajibu kwa mnyama mwenyewe. Wajibu wake ni kwa utu, kwa sababu anayezoea ukatili kwa wanyama atauhamishia kwa watu. Kisa cha paka hakikubaliani naye. Mwanamke yule hakuadhibiwa kwa hofu kwamba angewadhuru majirani baadaye. Aliadhibiwa kwa ajili ya paka. Sura ya sita ya Qurani, katika aya ya 38, inawaita wanyama wa ardhini na ndege umma kama wanadamu, na umma hauwi kifaa cha kumfundishia mtu adabu.

Wakristo wa mkoa huu wanafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Misheni ya Kianglikana ilianza Masasi mwaka 1876, na Wabenedikto wakaanzisha kituo cha Ndanda mwaka 1906, hivyo Biblia imesomwa huku kwa vizazi kadhaa. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinamsifu mwadilifu kwa kuijali nafsi ya mnyama wake, na katika Mwanzo 9 agano baada ya gharika halikufanywa na Nuhu na wanawe peke yao, bali na kila kiumbe hai kilichotoka safinani. Kutoka 8 na Qurani katika sura ya saba zote zinawataja vyura walioijaza nchi ya Farao. Wapo wanaochukulia habari hiyo kuwa laana juu ya chura. Maandiko yenyewe hayasemi hivyo. Mwenye kosa ni Farao, na vyura walitumwa tu.

Dharau ya mitaani ina mizizi mingine. Chura akionekana ukumbini, wapo watakaonong'ona habari za uchawi na kumtupia chumvi au maji ya moto. Mapokeo ya Kiislamu yanakwenda kinyume kabisa na hofu hiyo. Kutafuta nuksi katika wanyama kumekatazwa, na zipo riwaya kwamba chura alijaribu kuuzima moto wa Nabii Ibrahimu kwa maji, wakati mjusi aliupuliza uwake. Ndiyo chimbuko la mjusi wa ukutani kuitwa mjusi kafiri. Riwaya ya mjusi imo katika Bukhari. Ile ya chura, pamoja na nyingine inayosema mlio wake ni tasbihi, wanazuoni wa hadithi hawakuipa nguvu sawa. Methali nayo imemfanya mpiga kelele asiyeweza kumzuia ng'ombe kunywa maji. Usiku wa Februari kando ya majaruba ya Ruvuma, anayesikiliza atachagua mwenyewe kati ya methali na tasbihi.

Kisa kikubwa kuliko vyote cha vyura wa kufugwa nchini Tanzania hakikutokea nyumbani kwa mtu. Mwaka 1996 iligunduliwa aina ya chura mdogo sana, Nectophrynoides asperginis, katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa. Aliishi kwenye majani yaliyoloweshwa muda wote na rasharasha za maporomoko, na hapakuwa na mahali pengine duniani alipopatikana. Bwawa la umeme la Kihansi lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ya maporomoko ilielekezwa kwenye mitambo na rasharasha zikakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwenda bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni vinyunyizio vya maji viliwekwa, lakini mwaka 2003 idadi ilianguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ya kitridi ukagunduliwa. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyekuwa amebaki duniani ni yule wa tangini, Bronx na Toledo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wengine wakaanza kurejeshwa korongoni. Kwa chura huyu kufungwa kulikuwa ndiko kuokolewa. Lakini kisa hicho hakimpi ruhusa mtu wa kawaida. Kilichomfungia chura wa Kihansi mlango wa nyumbani kwake ni umeme wa watu, na waliomfuga walikuwa wakilipa deni.

Sheria za nchi nazo zina neno. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadhibiti kukamata na kumiliki mnyama wa porini bila kibali. Eneo la Msimbati na mdomo wa Ruvuma limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye takriban kilomita za mraba 650 za bahari, mikoko na nchi kavu, na humo uchukuaji wa viumbe una masharti yake. Anayetaka kumtoa chura huko aulize ofisi ya hifadhi au ya wanyamapori kwanza.

Lipo pia suala la kumwachia. Nawawi alipozungumzia mwenye mnyama anayekataa kumlisha, alisema alazimishwe: akiwa na mnyama anayeliwa, amuuze, amlishe au amchinje, akiwa na asiyeliwa, amuuze au amlishe. Kuchinja kumeondoka kwa chura. Kuuza kunataka manufaa yanayotambuliwa na sheria, na manufaa ya chura yana shaka, hivyo njia hiyo nayo ni nyembamba. Wengi hukimbilia kumfungulia na kumwachia kwenye dimbwi lolote, wakiona wametenda jema. Ndivyo madhara makubwa yalivyotokea kwingine. Kuanzia miaka ya 1930, baada ya utafiti ulioanzishwa na Lancelot Hogben huko Cape Town kuonyesha kwamba chura jike mwenye makucha wa kusini, Xenopus laevis, hutaga mayai akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito, vyura hao walisafirishwa kwa maelfu kwenda hospitali za Ulaya na Marekani. Kipimo cha kisasa cha mimba kilipopatikana hawakuhitajika tena, na wengine wakaishia mitoni na mabwawani. Wamesitawi huko mpaka leo, wakila wenyeji, na wanaweza kubeba kuvu ya kitridi bila wao kuugua.

Kwa sababu hiyo kumrudisha chura kunafaa kwa masharti haya: awe amekaa muda mfupi, asiwe amechanganywa na vyura wala samaki wa kutoka mbali, na arudishwe palepale alipookotwa, jioni, wakati wa mvua. Aliyechanganywa asirudishwe, na maji ya tangi lake yasimwagwe mtaroni. Chura mwenye makucha akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 15. Mwenye chura aliyechanganywa hawezi kumchinja, hawezi kumuuza kwa uhalali usio na shaka, wala hawezi kumwachia; hukumu iliyobaki kwake ni moja, kumlisha na kumwekea maji safi mpaka afe.